Mrija wa Siku ya Kipaimara

Nyamigogo, 3 Juni 2024

Mwanangu Nimpaye,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima na unakula. Sisi huku wazima, ila kila mtu na lake. Bibi yako Josefina anakusalimu, goti la kushoto limepoa, sasa ni la kulia. Mdogo wako Joan anakusalimu sana, amepata kipaimara tarehe kumi na tisa Mei, askofu alimpaka mafuta na hakucheka, nilikuwa na hofu atacheka. Baba yako mdogo Pancras anakusalimu. Mkewe Christina anakusalimu, anasema umemsahau. Mzee Alfonce, mwenyekiti wa baraza la kata, anakusalimu, anauliza unamaliza lini hiyo sheria uje umpunguzie kazi. Katekista anakusalimu. Mbuzi wawili wamezaa, hao hawajasema kitu lakini nawaandika.

Umeniambia nikuandikie, nisikwambie kwa simu, kwa sababu wenzako wa jarida la wanafunzi hawapokei maneno ya simu, wanataka maandishi ya kuweka chini ya ukurasa. Hata mimi barua imenifaa. Simu yangu siku hizi haisikiki sikioni, inaongea kwa spika tu, ukisema jambo wanalipokea mpaka kwa Pancras.

Ulitaka mfano wa watu waliogombana wakapatana bila mahakama. Ninao. Kuna mama mmoja hapa, mjane. Mume alimwachia shamba la migomba linaloshuka mpaka bondeni, na watoto wawili wa kike. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, anasema mistari sita ya migomba kule bondeni ni yake. Wamebishana mwaka mzima. Ikaja sikukuu, watu wanakula, shemeji amekaa na wazee na kibuyu cha pombe ya rubisi. Akamwita yule mama akampa mrija wake. Wewe unajua kwetu, waliogombana wakinywa kibuyu kimoja kwa mrija mmoja, ugomvi umekwisha, hakuna wa kuutaja tena. Yule mama alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri, miguu yangu inauma mpaka leo. Akanywa. Shemeji akasema, "Mmeona wazee, shemeji amekunywa." Wakapiga makofi. Jumatatu yake akapanda minyaa ya mpaka, na mistari sita ikabaki upande wake.

Huo ndio mfano. Umeisha vizuri. Nilitaka tu kuuliza, wewe uliyesoma, mtu akinywa namna hiyo inakuwa imekwisha kabisa kabisa, au kuna mahali pa kupitia? Siulizi kwa ubaya. Ni kwa ajili ya yule mama.

Kula vizuri. Barua nimempa kondakta wa basi la Mwanza, ni kijana wa kwetu.

Mama yako,
Ildefonsa


Mwanza, 26 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na ninakula. Bibi Josefina shikamoo, pole na goti la kulia. Joan hongera kwa kutocheka. Baba mdogo na mama mdogo Christina shikamooni, sijamsahau mtu, ni mitihani.

Mama, mfano wako ni dhahabu. Jarida letu linaendeshwa na wanafunzi wenyewe, na toleo hili lote ni la usuluhishi. Wenzangu wameandika kuhusu makampuni na mikataba ya bandari. Mimi peke yangu nina kibuyu. Mwalimu anayetulea aliposoma alivua miwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu wa mwaka wa tatu.

Makala nimeiita "Ridhaa Ndani ya Kibuyu". Nimehitimisha kwamba kunywa kwa mrija mmoja mbele ya wazee ni ridhaa kamili. Hakuna karatasi, hakuna wakili, lakini kuna mashahidi na kuna tendo. Kwa hiyo mwambie yule mama asihangaike, jambo lake limekwisha na limekwisha kwa njia nzuri kuliko ya mahakama.

Sasa makala inakwenda kwa wasomaji wawili. Wao hawajui jina langu na mimi sijui yao. Watasema ina makosa gani. Barua yako nimeitoa kopi na kuiambatanisha kama ushahidi, majina nimeyafuta. Ikipita, mwakani naweza kuchaguliwa mhariri mkuu. Hajawahi kutoka mtu wa Biharamulo.

Nimekutumia nakala moja ili uone maneno yako yalivyokaa kwenye chapa.

Binti yako,
Nimpaye


Nyamigogo, 21 Julai 2024

Mwanangu Nimpaye,

Tumsifu Yesu Kristo. Bibi yako mzima, magoti yote mawili kimya, anasema ni mvua inakusanya nguvu huko iliko. Joan mzima. Christina mzima. Baba yako mdogo mzima sana.

Nakala imefika. Joan alitusomea yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Bibi alisinzia kwenye sehemu ya pili akaamka kwenye kibuyu. Mimi nilifurahi kuona maneno yangu yamekaa karibu na ya majaji. Nililia kidogo, usijali, nalia hata kwa harusi za watu nisiowajua.

Jambo dogo tu. Joan alipokuwa anasoma, Pancras alipita, akasimama mlangoni mpaka mwisho. Akasema, "Hiyo ni kazi ya mtoto wa kaka yangu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nipe na mimi nilione jina lake." Ningemnyimaje, mwanangu, ni baba yako mdogo. Kesho yake akapanda pikipiki mpaka Biharamulo, akaitoa kopi nne. Moja amempa katekista. Anasema familia yetu imeelimika.

Nauliza swali. Maandishi ya chuo yakishaandikwa yanaweza kurudishwa nyuma? Mfano, mtu akiona kuna kitu kidogo hakikusemwa. Simaanishi kuna shida. Na hao wasomaji wawili wanaokuhukumu bila kukuona uso, huwa wanaulizwa na nani? Sisi kwenye baraza mtu akisema uongo tunamwangalia shingo.

Yule mama hajambo. Hapiti tena bondeni, anazunguka kwa juu.

Nimekutumia karanga.

Mama yako,
Ildefonsa


Mwanza, 9 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Karanga zimefika. Nimemaliza mitihani, sasa niko mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya wakili mmoja hapa mjini, natoa kopi na kupanga majalada. Wasalimie wote, sina nguvu ya kuwataja mmoja mmoja leo.

Majibu ya wasomaji yamerudi. Msomaji wa kwanza ameandika "nzuri sana" na kusahihisha nukta mbili. Msomaji wa pili ameandika kurasa tatu. Swali lake la nne nalinakili kama lilivyo: "Katika kiambatanisho, mtoa habari anaeleza habari za mjane mwingine, kisha anasema miguu yangu inauma mpaka leo. Je, miguu ni ya nani?"

Mama, nimeisoma ile barua yako labda mara thelathini. Nimeinukuu mara sita. Sikuiona hiyo miguu. Mtu asiyenijua, asiyekujua, ameiona mara moja.

Joan alipata kipaimara tarehe kumi na tisa Mei. Sherehe ilikuwa kwetu. Sisi tuko wawili, wa kike. Shamba letu linashuka mpaka bondeni.

Yule mama ni nani? Nijibu hilo kwanza, salamu baadaye.

Nimpaye


Nyamigogo, 1 Septemba 2024

Mwanangu Nimpaye,

Tumsifu Yesu Kristo. Umesema salamu baadaye lakini mimi siwezi kuanza barua kama naandika kwa polisi. Bibi yako anakusalimu. Joan anakusalimu. Mbuzi mmoja mdogo amekufa, yule mweupe. Maharage yamekuwa mazuri. Mjomba wako wa Ngara alikuja na ndizi kana kwamba sisi hatuna.

Barua yako imekaa chini ya godoro wiki mbili. Si kwamba haikufika.

Ni mimi.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na mitihani, ungepanda basi uje na vitabu. Na kwenye simu ningesema vipi, inaongea kwa spika. Nikasema nitamuuliza kwa mlango wa pembeni, atanijibu bila kujua, nitapona. Ukanijibu kwamba imekwisha na imekwisha vizuri. Nikasema basi, mtoto amesoma.

Sasa nakwambia kile ambacho sikuandika. Siku ile hatukuwa tumekaa kuzungumza habari za shamba. Hakuna aliyetaja mgomba hata mmoja. Kwa kawaida watu wanakaa, wanasemeshana hata siku tatu, kila mmoja anatoa la moyoni, wakishaelewana ndipo kibuyu kinakuja. Kibuyu ni cha mwisho. Mimi nilikuwa natoka jikoni na sufuria ya pili ya nyama, jasho linanitoka, Pancras akaniita, "Shemeji, umechoka, hebu pata kidogo," akanyoosha mrija. Mbele ya wageni wote na katekista. Ningekataa mrija wa shemeji siku ya kipaimara cha mtoto? Wangesema nimemwona mchawi. Nikanywa, na ilikuwa nzuri, ndiyo sababu nilivuta mara mbili. Aliposema "mmeona" ndipo nilipojua nimekunywa nini.

Shamba lile baba yako Habimana alilifyeka peke yake, alipotoka kambi ya Lukole kwenye ile kazi ya kushusha magunia ya wakimbizi. Pancras alikuja miaka sita baadaye, akapewa sehemu ya juu, na alishukuru. Mistari ya bondeni ndiyo inayotulisha kiangazi.

Tarehe kumi na tisa Agosti nilikwenda mwenyewe kwa mzee Alfonce kupeleka shauri. Amesema baraza la kata siku hizi halihukumu, linasuluhisha tu, lina siku thelathini, likishindwa linatupa barua twende baraza la ardhi la wilaya. Tunakaa tarehe kumi na mbili Septemba. Pancras amesema hana maneno mengi, ana karatasi moja tu kutoka chuo. Anaitembeza ndani ya bahasha ya kaki.

Usije. Una kazi. Na usimkasirikie baba yako mdogo, wala mimi, kama utaweza.

Mama yako,
Ildefonsa


Mwanza, 6 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nilikasirika siku mbili, sasa nimemaliza.

Makala nimeiondoa. Nilimwandikia mhariri kwamba chanzo changu ni mama yangu mzazi, ni mdai katika mgogoro huo huo, na kwamba mwandishi aliandika kurasa kumi na tisa kuhusu ridhaa bila kumuuliza aliyekunywa kama alikubali. Ameniambia ningeweza kurekebisha, toleo lijalo ni Machi. Nimekataa. Huo uhariri mkuu amepewa mtu wa mikataba ya bandari.

Barua ya kuiondoa ninayo, ina muhuri, lakini sitaituma barazani. Tukianza kupigana kwa karatasi za chuo, baba mdogo ana nne, mimi nina moja.

Wakili hapa ofisini ameniambia nikupe swali moja tu, si hotuba. Baba mdogo akisema ulikubali, mwombe mzee Alfonce amuulize: kabla ya kukupa mrija, alikuuliza nini? Ukae kimya mpaka ajibu. Hata akichelewa, kaa kimya. Najua ni kazi ngumu kwako.

Bibi, Joan na mama mdogo Christina, shikamooni na hamjambo kwa kadiri ya kila mmoja.

Nimpaye


Nyamigogo, 15 Septemba 2024

Mwanangu Nimpaye,

Tumsifu Yesu Kristo. Bibi yako Josefina anakusalimu, alikwenda barazani kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na mimi, magoti hayakusema neno. Joan anakusalimu, alikosa shule siku moja, nimemwandikia mwalimu kwamba alikuwa anaumwa tumbo. Christina anakusalimu, na leo salamu yake ni ya kweli, utaona. Mzee Alfonce anakusalimu kwa heshima. Pancras hajasema nikusalimu ila najua anataka.

Tulikaa saa tatu asubuhi. Wajumbe walikuwa sita, wengine wawili walikuwa shambani. Mimi nilisema yangu kama nilivyokuandikia, nikasahau katikati, nikaanza tena. Pancras akasimama na bahasha yake. Akasema, "Mimi sina la kuongeza. Hapa ni chuo kikuu kinasema." Akasoma pale penye kibuyu, sauti kubwa, kama somo la kwanza la Jumapili. Akamaliza akasema, "Na aliyeandika ni binti wa huyu huyu."

Watu wakaniangalia. Mimi nikasimama nikasema, binti yangu aliandika kutoka barua yangu, na barua yangu ilificha. Alichoandika si kosa lake, alijenga juu ya tofali nililompa mimi. Nikakaa. Kisha nikamwomba mzee Alfonce lile swali, nikafunga mdomo. Ulisema kweli, ni kazi ngumu, nilishika kitambaa cha Joan.

Mzee Alfonce akasema, "Pancras, hiyo ridhaa uliyosoma ni nini?"

"Ni kukubali, mzee."

"Haya. Kabla ya kumpa mrija ulimuuliza nini?"

Pancras akatazama bahasha. Akasema, "Nilimwambia, shemeji umechoka, pata kidogo."

"Naye akapata."

"Akapata."

"Basi alikubali kuchoka na kupata kidogo. Habari ya migomba aliikubali wapi?"

Pancras akasema mila ni mila, mrija ni mrija, wote waliona. Hapo Christina akasema kutoka nyuma, taratibu kama anayeuliza njia, "Siku ile hata mimi alinipa. Na katekista alimpa. Sisi tulisuluhishwa na nani?" Watu walicheka mpaka mjumbe mmoja akatoka nje. Katekista hakucheka, alikuwa anakumbuka.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Kicheko kilipoisha Pancras hakuwa na hasira. Alikaa chini, akaweka bahasha chini ya kiti, akasema maneno ambayo hajawahi kuniambia mwaka mzima. Akasema, "Mimi sina njaa ya mistari sita. Kaka yangu ameacha wasichana. Huyu mdogo ataolewa. Yule mkubwa yuko Mwanza anaandika vitabu, hatarudi. Shemeji akifa, bonde la Habimana litauzwa kwa mtu nisiyemjua, nami nitakuwa jirani yake. Nani atakaa pale? Niambieni jina, nitang'oa minyaa kwa mikono yangu."

Mzee Alfonce akaniangalia. Bibi yako akaniangalia, ni mtoto wake huyo na yule marehemu pia.

Nikasema, "Nimpaye."

Sikufikiri, mwanangu. Lilitoka. Nikasema shamba lote mpaka bondeni ni la Nimpaye na Joan, na mwenye kulisimamia ni Nimpaye, na akimaliza chuo atakuja. Mzee Alfonce akaandika. Pancras akasema, "Mtoto akisema mwenyewe, nimekubali." Wakasema hati ya suluhu ipigwe chapa kule Biharamulo, tuweke sahihi Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, mimi na Pancras na wajumbe, na kibuyu kije baada ya sahihi, mwisho kabisa, mahali pake.

Nilirudi nyumbani nina furaha. Nikapika. Nilipokaa kula ndipo nikaona nimefanya nini. Mimi niliyelia mwaka mzima kwamba sikuulizwa, nimekunywesha wewe mbele ya wajumbe sita. Umeacha makala yako kwa ajili yangu, umeacha na ule ukubwa wa jarida, na mimi nimekupa bonde bila kukuuliza. Sijui kama unataka kurudi. Hujawahi kusema, nami sijawahi kuuliza, naogopa jibu tangu ulipopanda basi mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo nauliza sasa, kwa maandishi, ili uweke chini ya ukurasa. Unalitaka shamba? Unataka kuja, hata kama si kukaa siku zote, hata kama ni kuja kuvuna na kuondoka? Kama ndiyo, andika ndiyo. Kama hapana, andika hapana, nitakwenda kwa mzee Alfonce nimwambie nilisema kwa niaba ya mtu aliyekuwa Mwanza. Pancras atabaki na minyaa yake, na sisi tutakula mistari iliyobaki, tutaishi. Sitalia mbele ya watu. Bibi amesema hata yeye hatalia, ila yeye simwamini.

Usiandike unachodhani nataka. Hilo ndilo ninaloomba.

Jibu mpe kondakta yule yule, asiliweke kwenye mizigo, alishike mkononi. Nitakuwa stendi ya Biharamulo kila siku kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Fanya haraka mwanangu, neno lako linifikie kabla ya Jumamosi, kwa sababu kalamu watanipa mimi kwanza.

Mama yako,
Ildefonsa